Ganda Si Kombora: Uhakiki wa Istilahi za Mizinga ya Kale katika Ngome za Pwani

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno yanayotumika katika Kiswahili kuitaja mizinga ya kale, pamoja na vitu vilivyorushwa na mizinga hiyo, ambavyo hadi leo huonekana katika ngome za pwani yetu na katika fukwe, bandari na mashamba yaliyo karibu nazo. Nia yetu si kutunga kamusi ya kijeshi. Wanajeshi wana istilahi zao, na wana njia zao za kufundishana. Tunaowafikiria hapa ni raia ambao kazi zao huwalazimu kuliandika jina la kitu cha namna hiyo: karani anayejaza daftari la vitu vya kale, mwalimu anayewaongoza wanafunzi katika makumbusho, mfasiri aliyepewa bango la maelezo alitie katika Kiswahili, na ofisa wa wilaya anayetakiwa kutoa tangazo la tahadhari kabla ya jua kuchwa.

Katika nyanja nyingi za elimu, istilahi mbaya humchosha msomaji, au humpotosha kwa muda mpaka atakaposahihishwa. Mwanafunzi akikosea jina la sehemu ya ua, ua halimdhuru. Lakini katika uwanja huu neno moja laweza kumwambia mwananchi kwamba kitu alichokiokota ni kitupu, hali kitu chenyewe kimejaa. Kwa sababu hiyo tunashikilia kwamba istilahi za uwanja huu hazina budi kupimwa kwanza kwa swali moja: je, neno hili linamwambia msomaji ukweli kuhusu kujaa kwa kitu hiki au utupu wake? Umri wa kitu, nchi kilikotengenezwa, ufupi wa neno na uzuri wake ni mambo ya kufuata baadaye.

Tukiyapima kwa swali hilo maneno yanayotumika sasa, tutaona kuwa baadhi yake ni mazuri kuliko tulivyodhani, na baadhi yake yafaa yaachwe bila ya kuchelewa.

2. Vitu vyenyewe na mahali vilipo

Kosa la kwanza halimo katika neno bali katika dhana. Wengi hudhani kwamba umri wa ngome ndio umri wa kila kilichomo ndani yake. Mfano mzuri wa kulikanusha wazo hili ni Fort Jesus ya Mombasa. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Ilizingirwa na Waomani tangu 1696 mpaka ilipotekwa mwaka 1698. Mwezi Januari 1875 ilipigwa mizinga na manowari za Waingereza, Nassau na Rifleman, wakati wa uasi wa Al-Akida. Tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa jela, kisha ikawa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ngome iliyopitia mikono mingi kiasi hicho haiwezi kuwa na vitu vya zama moja.

Nje ya ngome hiyo imewekwa mizinga miwili ambayo mgeni asiyejua aweza kudhani kuwa ni ya Wareno. Kwa kweli iliundwa zaidi ya miaka mia tatu baada ya ujenzi wa ngome kuanza, na wala haikuundwa kwa ajili ya ngome yoyote. Ni mizinga ya manowari. Mmoja ulikuwa wa manowari ya Wajerumani, Königsberg; wa pili ulikuwa wa manowari ya Waingereza, Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliivamia Pegasus ikiwa imetia nanga katika bandari ya Unguja kwa matengenezo, ikaizamisha. Baada ya hapo Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, na huko ndiko ilikomalizikia tarehe 11 Julai 1915, baada ya kushambuliwa na manowari Severn na Mersey. Lakini mizinga yake kumi haikufa pamoja nayo. Wajerumani waliing'oa, wakaitengeneza na kuitia magurudumu, wakaipigania nchi kavu hadi Kahe na kwingineko. Mmoja ulipandishwa katika meli Graf von Götzen iliyokuwa Ziwa Tanganyika, ambayo leo twaijua kwa jina la Liemba. Waingereza nao waliitoa majini baadhi ya mizinga ya Pegasus wakaitumia. Hivyo mizinga iliyopigana katika bandari ya Unguja sasa inasimama pamoja Mombasa, mbele ya ngome ambayo haikuwa yake.

Unguja kwenyewe, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zililipiga kasri la Sultani kwa muda usiotimia saa moja, katika ufuko ule ule ilipo Ngome Kongwe. Basi mtu anayechimba msingi au kisima karibu na ngome za pwani aweza kukuta tufe la chuma la karne ya 17, na hatua chache kutoka hapo akakuta kitu cha karne ya 19 au ya 20 ambacho tabia yake ni nyingine kabisa. Karani anayeviandika vyote viwili kwa jina moja hajavitambua, amevihesabu tu.

3. Neno "mzinga" na nambari zake

Neno "mzinga" ni neno letu wenyewe. Gogo lililotobolewa likatundikwa mtini ili nyuki waingie ni mzinga. Na silaha yenye umbo kama la gogo hilo nayo ikaitwa mzinga. Jina hilo limekaa vizuri, na hatuoni sababu ya kulibadili. Tatizo ni kwamba limeachwa peke yake. Katika mabango na madaftari mengi, mzinga wa Mreno wa mwaka 1600 na mzinga wa manowari wa mwaka 1905 huandikwa "mzinga wa kale", basi.

Tofauti kubwa ya vitu hivi viwili yaelezeka kwa Kiswahili cha kawaida. Wazee wetu walipozungumzia gobori walisema bunduki hiyo "hushindiliwa": baruti na risasi vilitiwa mdomoni, vikasukumwa hadi ndani kwa mdeki. Mizinga ya zamani ilijazwa vivyo hivyo. Hivyo basi twaweza kusema "mzinga wa kushindilia", na kila anayelijua gobori ataelewa. Mizinga ya baadaye hufunguliwa nyuma, ikatiwa kombora na baruti yake kwa huko, kisha ikafungwa. Huo na uitwe "mzinga wa kufungua nyuma". Mara nyingi tofauti hiyo yaonekana kwa macho: wa kwanza umezibika nyuma na una kitundu kidogo tu juu cha kupitishia moto, wa pili una mlango wa chuma nyuma, na ndani ya mtutu wake mna mifereji midogo inayozunguka kama nyuzi za parafujo.

Nambari nazo zimetuletea makosa mengi kuliko maneno. Tutaje matatu.

Kwanza, Waingereza walikuwa na desturi ya kuyapa baadhi ya mizinga yao majina kwa uzito wa kitu kinachorushwa. Wafasiri huandika "mzinga wa ratili 3" au "mzinga wa ratili 25". Katika Kiswahili maneno hayo yana maana moja tu ya wazi: mzinga wenyewe una uzito wa ratili hizo. Mwanafunzi mwerevu anayesoma bango hilo atashangaa, maana kitu kilicho mbele yake hakiwezi kuinuliwa hata na watu kumi. Dawa ni kuongeza maneno mawili: "mzinga wa kurusha ratili 25".

Pili, "mzinga wa inchi 4" hausemi inchi hizo ni za nini. Ni upana wa tundu la mtutu. Kuna wanaolitumia hapa neno "kaliba", lakini neno hilo kwa wengi limekwisha kuwa na kazi nyingine, kama tunaposema "mtu wa kaliba yake". Twapendekeza liandikwe jambo lenyewe: "kipenyo cha tundu". Mfano wa Mombasa waonyesha umuhimu wake. Mzinga wa Königsberg una kipenyo cha sentimita 10.5, yaani milimita 105. Wa Pegasus una kipenyo cha inchi 4, yaani milimita 101.6. Tofauti ni milimita 3.4. Macho hayawezi kuiona tofauti hiyo, ila kipimo. Anayeandika "inchi 4" kwa mizinga yote miwili, kwa kukadiria tu, amewapa Waingereza mzinga wa Wajerumani.

Tatu, katika maandishi ya Kijerumani mzinga wa Königsberg hufuatwa na alama L/40. Arubaini hiyo si sentimita, wala si mwaka, wala si idadi. Ni uwiano: urefu wa mzinga ni mara 40 ya kipenyo cha tundu lake. Kipenyo cha sentimita 10.5 mara 40 ni sentimita 420, yaani mita 4.2. Mfasiri aandike mita hizo, kisha atoe uwiano wake kama anaona inafaa.

Tuongeze na neno juu ya alama zilizochorwa katika chuma, kwa kuwa hizo ndizo ushahidi wa kwanza wa utambuzi. Katika mizinga mingi ya kale ya Waingereza huonekana nambari tatu zilizotenganishwa kwa vistari, tuseme 32-1-14. Makarani huzinakili kama tarehe, au kama nambari ya daftari. Hizo ni uzito wa mzinga: nambari ya kwanza ni mafungu ya ratili 112, ya pili ni mafungu ya ratili 28, na ya tatu ni ratili zilizobaki. Basi 32-1-14 ni ratili 3,626, karibu kilo 1,645. Mahali pa kuandikia hayo katika daftari paitwe "uzito uliochorwa", pasichanganywe na uzito uliopimwa leo, kwa sababu kutu imekwisha kula sehemu yake.

4. Ganda na kombora

Sasa tumefika penye kiini cha uhakiki wetu. Katika tafsiri zinazopita mikononi mwetu tumekuta mara nyingi maneno "maganda ya mizinga" yakitumika kwa vitu vinavyorushwa na mzinga na kulipuka vinapofika. Asili ya kosa hilo ni rahisi kuiona. Katika Kiingereza, neno linalotumika kwa kitu hicho ndilo hilo hilo linalotumika kwa ganda la yai, kwa gamba la kobe na kwa kombe la pwani. Mfasiri amelitafuta neno katika kamusi, akachukua maana ya kwanza aliyoikuta, akaendelea na kazi.

Kwa Kiswahili, ganda ni nini? Twalijua ganda la yai, la ndizi, la muwa na la njugu. Katika mifano yote hiyo ganda ni kifuniko cha nje, na mara nyingi ni kile kinachobaki na kutupwa baada ya kiini kuliwa. Na si hilo tu. Katika mambo ya silaha neno hili limekwisha kupata maana yake, nayo imekubalika na watu wote: polisi wakisema wameokota "maganda ya risasi" mahali pa uhalifu, kila msikilizaji anaelewa kwamba ni vile vikopo vya shaba vilivyobaki baada ya risasi kwenda zake. Ganda ni ushahidi kwamba jambo limekwisha kutendeka.

Hivyo mwananchi wa pwani anayesoma kwamba katika eneo lake yamegunduliwa "maganda ya mizinga ya vita vya 1914" ataelewa kinyume kabisa cha ukweli. Ataelewa kwamba ni vikopo vitupu. Na vikopo vitupu vya shaba vina soko. Katika nchi nyingi vilivyobaki baada ya vita viligeuzwa kuwa vyombo vya kutilia maua. Na kwetu wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani kila siku na mizani zao. Neno lenyewe limemwambia mtu: chukua, hakuna kitu ndani. Hatuwezi kumlaumu mtu huyo kwa ujinga. Amekisoma Kiswahili sawasawa. Ni mwandishi aliyekiandika vibaya.

Je, kitu hicho tukiite nini? Wako wanaopendekeza tukope, tuseme "sheli". Lakini neno hilo halina nafasi tena. Kwa Mtanzania wa kawaida, sheli ni kituo cha mafuta ya gari, na hakuna baraza litakalolinyang'anya neno hilo kazi yake. Wengine husema "risasi ya mzinga". Risasi asili yake ni madini, ile metali nzito iliyoyeyushwa kuwa vidonge vya bunduki. Na kwa msikilizaji risasi ni kitu kinachotoboa, hakilipuki. Neno hilo linaweza kuchukuliwa kwa vitu vya bunduki, lisipandishwe hadi kwenye mzinga.

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi unatutaka tuanze kutafuta katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kabla ya kwenda katika lugha nyingine za Kibantu, na kabla ya kuvuka bahari. Tukiufuata, hatuna haja ya kwenda mbali. Neno lipo, ni la zamani, nalo ni "kombora". Kombora ni kitu chenye kilipuzi ndani yake, kinachorushwa ili kikalipuke kwingine. Pingamizi yaweza kuletwa kwamba siku hizi redio na magazeti hulitumia neno hilo kwa silaha zinazojiendesha zenyewe angani kwa nguvu ya roketi. Ni kweli. Lakini jambo hilo halitupokonyi neno; linatutaka tu tulipe kivumishi chake. Na tuseme "kombora la mzinga" kwa hili, na "kombora la roketi" kwa lile. Yote mawili yanabaki makombora, maana yote mawili yana kilipuzi ndani, na hilo ndilo jambo ambalo msomaji anapaswa kulijua kwanza.

Ganda nalo libaki na kazi yake halali: kile kikopo cha shaba kinachoshika baruti ya kulisukumia kombora. Hapa pia karani aandike "ganda tupu" au "ganda lenye baruti", na asiandike "tupu" mpaka mtaalamu aseme hivyo, kwa sababu hata ganda lililokwisha tumika laweza kuwa na fataki kitakoni mwake. Na lile tufe la chuma la mizinga ya kushindilia, ambalo ni chuma kitupu tangu nje hadi ndani, liitwe "tufe". Lakini tahadhari: makombora ya zamani yalikuwa na umbo la tufe vilevile, yakiwa na uwazi uliotiwa baruti na kitundu cha utambi. Kwa hiyo tufe lenye kitundu si tufe. Ni kombora, hata likiwa na umri wa miaka mia mbili.

5. Fyuzi

Kwenye ncha ya kombora, au kitakoni mwake, hukaa kifaa kinachokiamsha kilipuzi wakati wake unapofika. Wafasiri wengi wamekiita "fyuzi". Neno hilo tayari ni la mafundi umeme, na kila mwenye nyumba yenye umeme analijua. Lakini angalia kazi yake huko. Fyuzi ya nyumbani huilinda nyumba: hatari ikija, inakatika na kuuzuia umeme. Fyuzi ikiungua, umeme haupiti tena hapo. Fyuzi ya kombora hufanya kinyume: ndiyo inayoileta hatari. Mtu anayeambiwa kwamba kombora fulani "fyuzi yake imeharibika" ataelewa kwamba limekufa. Na hali mara nyingi kombora lenye kifaa kilichoharibika ndilo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa hakuna ajuaye litaamshwa na nini.

Twapendekeza "kiwashio". Tunafahamu kwamba wengine hukiita kiwashio kile kifaa cha kuwashia jiko au sigara. Haidhuru. Kitenzi "washa" kinaelekeza akili upande unaostahili: kifaa hiki huanzisha moto. Kilichomo ndani ya kombora ni "kilipuzi", na kinachokiamsha ni "kiwashio". Maneno hayo mawili yatamtosha raia.

6. "Lisilolipuka" na "ambalo halijalipuka"

Kosa la nne si la neno bali la sarufi, na kwa maoni yetu ndilo lililoenea kuliko yote. Katika matangazo huandikwa "bomu lisilolipuka" pale inapokusudiwa bomu ambalo lilirushwa au kutupwa, likaanguka, na mpaka sasa halijalipuka.

Kirejeshi kikanushi cha namna hii hakina wakati. Hutaja tabia. Tukisema "mti usiozaa" tunataja mti tasa, na mti huo hukatwa. Tukisema "mti ambao haujazaa" tunataja mti unaosubiriwa. Hakuna mkulima anayevichanganya viwili hivyo. Basi "bomu lisilolipuka", kwa maana yake ya kwanza, ni bomu tasa: bomu la mfano, au la kufanyia mazoezi. "Bomu ambalo halijalipuka" ni bomu linalosubiri. Kiambishi -ja- katika ukanushi ni hazina ya lugha yetu. Hubeba ndani yake wazo la "bado". Lugha nyingi hutumia maneno mawili au matatu kulieleza wazo hilo, na sisi tunalo katika silabi moja, kisha tunaliacha pale tunapolihitaji sana.

Tunakubali kwamba umbo la "lisilolipuka" laweza kuchukua maana ya wakati uliopita pale mazingira ya sentensi yanaporuhusu. Waandishi wazuri hufanya hivyo, na wasomaji huwaelewa. Lakini tangazo lililobandikwa kwenye mti halina mazingira. Husomwa na mtu aliyesimama, pengine mtoto, pengine nusu ya maneno yake imekwisha chanwa na upepo. Tangazo la namna hiyo halipaswi kumwachia msomaji achague kati ya maana mbili ambazo moja yake yaua.

Kwa sababu iyo hiyo tuyaangalie maneno "mabaki ya mabomu". Mabaki ni kinachosalia baada ya jambo kwisha: mabaki ya chakula, mabaki ya nyumba iliyoungua. Vipande vya chuma vilivyotawanyika baada ya mlipuko ni mabaki. Kombora zima lililofukiwa mchangani si mabaki ya kitu chochote.

Hatari hii si ya kubuni, wala si ya vita vya mababu tu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka Mbagala, Dar es Salaam, na tarehe 16 Februari 2011 likalipuka jingine Gongo la Mboto. Watu walikufa, na vitu vya kijeshi vilitawanyika katika makazi ya raia. Baada ya misiba hiyo wananchi walitakiwa wasiviguse vitu wasivyovijua bali watoe taarifa. Nyakati kama hizo ofisa hana nafasi ya kutafakari sarufi. Istilahi lazima ziwe zimekwisha tayarishwa kabla.

7. Kulitetea neno "bomu"

Hapa tungependa kutofautiana na baadhi ya wenzetu wapenda usahihi, ambao wangetaka neno "bomu" liondolewe katika mambo ya mizinga kwa kuwa bomu halisi hutupwa kwa ndege au hutegwa. Kitaalamu wanasema kweli. Wananchi huita bomu kila kitu kinacholipuka: kombora, guruneti, hata vile vya Mbagala ambavyo historia imekwisha kuvipa jina la mabomu. Lakini tulipime neno hilo kwa swali letu la mwanzo. Je, linasema kitu kimejaa? Linasema, na kwa sauti kubwa kuliko neno lolote tulilo nalo. Mtoto wa miaka mitano akisikia "bomu" hukimbia. Neno linalokosea kwa upande wa usalama halina kosa kubwa.

Basi tunaona kazi igawanywe. Katika daftari la makumbusho, katika kitabu cha historia na katika ripoti ya mtaalamu, patumike "kombora la mzinga", kwa kuwa hapo kinachotakiwa ni utambuzi. Katika tangazo la tahadhari patumike "bomu", kwa kuwa hapo kinachotakiwa ni watu wakae mbali. Si udhaifu wa lugha kuwa na neno la daftari na neno la mtini. Udhaifu ni kulipeleka moja mahali pa jingine. Likiandikwa katika daftari neno "bomu" peke yake, mtafiti wa kesho hatajua lilitoka katika mzinga gani. Na likiandikwa mtini "kombora la mzinga la kipenyo cha milimita 105", mchuuzi wa samaki atapita bila ya kujua kwamba ameonywa.

8. Mapendekezo

Kutokana na hayo yaliyotangulia, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

(i) Mzinga wa kushindilia: mzinga unaojazwa kwa mdomoni.

(ii) Mzinga wa kufungua nyuma: mzinga unaojazwa kupitia mlango ulio nyuma ya mtutu.

(iii) Kipenyo cha tundu: upana wa ndani wa mtutu, uandikwe kwa milimita, na kipimo cha asili kikifuata.

(iv) Tufe: kitu cha mviringo cha chuma au jiwe, kisicho na uwazi ndani, kilichorushwa na mzinga wa kushindilia.

(v) Kombora la mzinga: kitu chenye kilipuzi ndani, cha umbo lolote, kinachorushwa na mzinga.

(vi) Ganda: kikopo cha shaba au chuma cha baruti ya kurushia. Lisitumike kamwe kwa kombora.

(vii) Kiwashio: kifaa cha kukiamsha kilipuzi cha kombora.

(viii) Ukanda wa shaba: pete ya shaba inayolizunguka kombora karibu na kitako. Istilahi hii ni ya lazima katika utambuzi. Kombora linapopita katika mifereji ya mtutu, ukanda huu huchorwa mikato ya mshazari. Ukanda ulio laini ni dalili kwamba kombora halijarushwa. Wenye mikato waonyesha limerushwa, na kama bado ni zima, basi lilitakiwa kulipuka likashindwa. Hayo huonekana kwa mbali au katika picha. Hayahitaji mtu aliguse.

(ix) Ambalo halijalipuka: ndiyo namna pekee ya kukitaja kilipuzi ambacho hali yake haijathibitishwa na mtaalamu.

Katika fomu za kuandikisha vitu vya kale, tunashauri safu ya kwanza baada ya nambari isiwe "Jina" wala "Umri", bali iwe "Hali ya ndani", yenye majibu matatu tu: kitupu, kimejaa, haijulikani. Na pale jibu linapokuwa "haijulikani", safu nyingine zote zisubiri.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba upungufu tulionao katika uwanja huu si upungufu wa maneno. Mzinga, kombora, ganda, tufe, mtutu, mdeki, baruti na fataki vyote vilikuwamo katika Kiswahili kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Kilichopungua ni uangalifu wa kulipa kila neno kazi yake na kulizuia lisifanye kazi ya jirani yake. Wafasiri wamekuwa wakitazama neno la kigeni lina sura gani, badala ya kuuliza msomaji wa Kiswahili atafanya nini baada ya kulisoma.

Mizinga miwili iliyo mbele ya ngome ya Mombasa haimdhuru mtu leo. Watoto huipanda na kupigwa picha. Lakini yale iliyoyarusha, na yale yaliyorushwa na mizinga mingine mingi kabla na baada yake, hayakulipuka yote. Mengine yangali yamelala chini ya mchanga wetu, na atakayeyakuta atakuwa mvuvi, mchimba kisima au mtoto, mwenye Kiswahili chake tu cha kumwongoza. Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa wa serikali wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao na kutueleza yanapopwaya, ili orodha hii irekebishwe kabla ya kusanifishwa. Lakini juu ya neno "ganda" tunawaomba wasisubiri usanifishaji. Waliondoe katika matangazo yao tangu sasa.